Wale ndege wa tope si waliochoka njiani

"Tunaishi Norwich, Uingereza, mume wangu kwao Tanga, mimi Kilifi. Jumapili moja ya Januari tulichukua watoto tukaenda pwani karibu na Hunstanton, kwa sababu watu wa hapa huwasifu sana ndege wa huko wakati wa baridi. Tulifika saa tano asubuhi tukakuta tope tupu hadi upeo wa macho. Saa tisa, maji yakijaa, tukaona kundi kubwa la ndege wa kijivu wamesimama juu ya kokoto, wengi kwa mguu mmoja. Mwanangu wa miaka saba aliwakimbilia mara tatu ili waruke tupige video. Mzee mmoja akatuambia tunawaua. Sijapata raha tangu siku ile. Ni kweli? Tena mtoto ananiuliza: hawa ndio walioshindwa kufika Afrika? Mbona miguu yao haigandi? Mama mkwe anakuja mwezi ujao na tungependa kurudi naye, lakini sijui kama ni busara."

Dada yangu, nianze na hilo linalokukosesha raha. Mbio tatu za mtoto katika alasiri moja hazikuwaua ndege wale. Mzee alizidisha ukali wa neno, ila hofu yake ina msingi, na ningependa uuelewe msingi huo vizuri. Ukishauelewa utajua mwenyewe usimame wapi, ufike saa ngapi, na wakati gani umshike mtoto mkono. Kazi yangu ni ndege wa pwani. Nimewahesabu hori ya Mida na mlango wa mto Sabaki, kwenu Kilifi, kwa miaka, na majira kadhaa ya baridi nimewahesabu huko huko mlikokwenda.

Tope mliloliona saa tano halikuwa tupu. Hapo mliposimama ni mdomo wa ghuba ya Wash, kati ya Norfolk na Lincolnshire, na wakati wa baridi ghuba hiyo hubeba zaidi ya ndege 300,000 wa majini. Maji yalikuwa yamepwa, kwa hiyo ndege walikuwa kazini, kilomita kadhaa mbele yenu, wamefuata ukingo wa maji. Kwa macho matupu huwezi kuwaona. Wewe ni mtu wa Kilifi. Ungetaka kumwona mvuvi wa pweza usingemngoja sokoni wakati maji yamepwa. Yuko mwambani. Na bahari ile hupwa kuliko yetu: bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pale Mombasa huinua maji mita tatu na ushei, bamvua ya Wash huyainua zaidi ya mita 6. Juu ya ardhi iliyo bapa kama ile, mita 6 za kwenda juu ni kilomita nyingi za kwenda mbele.

Wale wa kijivu mliowaona, kwa jinsi ulivyowaeleza, karibu hakika walikuwa chamchanga ambao Waingereza huwaita knot, jina utakalolikuta kwenye vibao vyote vya pwani ile. Ni ndege mnene, mfupi wa miguu, ana uzito wa gramu 130 hivi. Mtazame mmoja akila na utaelewa mengine yote. Anatembea polepole juu ya tope lililolowa, kichwa chini, akidunga mdomo kama fundi cherehani: dunga, dunga, hatua, dunga. Hatafuti kwa macho. Ncha ya mdomo wake imejaa vishimo vidogo vyenye neva, na anapodunga, maji yaliyo kati ya chembe za mchanga husukumwa. Pakiwa na kitu kigumu karibu, msukumo ule hurudi tofauti, naye huhisi kwamba hapa pana kome hata kabla hajamgusa. Kwa hiyo hula usiku kama mchana. Anamchomoa kome wa ukubwa wa ukucha wako, anammeza mzima na gamba lake, na firigisi ndiyo inayosaga. Ukitia sikio huwezi kusikia kitu, lakini tumboni mle kuna kinu.

Sasa fikiria hesabu yake. Mwili wa gramu 130 hupoteza joto haraka sana, na upepo wa Januari unaotoka Bahari ya Kaskazini hauna huruma. Joto lile sharti lilipwe kwa chakula, na chakula kiko chini ya maji takriban nusu ya siku. Maji yakijaa, duka limefungwa. Analoweza kufanya ni kutafuta mahali pakavu, peupe, anapoweza kumwona adui akija, asimame na wenzake bega kwa bega, na asitumie hata senti moja zaidi. Ndiyo maana walikuwa juu ya kokoto saa tisa. Kundi lile lilikuwa linangoja maji yapwe tena, likibana matumizi, na kila ndege pale alikuwa na akiba ya mafuta chini ya ngozi aliyojiwekea kwa ajili ya siku mbaya.

Kuruka ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika maisha ya ndege. Mtoto anapowarusha mara tatu, anachota katika akiba ile. Siku ya kawaida wataifidia kwenye maji yanayofuata, na ndiyo maana nimekuambia hamkuwaua. Shida iko kwingine. Jumapili ile hamkuwa peke yenu. Kuna aliyekuja na mbwa saa nane, kuna aliyepita kwa farasi, kuna mwenye kurusha droni. Kila mmoja amewarusha mara moja au mbili, na kila mmoja anarudi nyumbani akijua kwamba moja au mbili si neno. Ndege ndiye anayelipa jumla. Kisha ije wiki ya barafu, tope la juu ligande, kome wazame chini zaidi, na akiba iwe ndiyo iliyobaki kati ya ndege na kifo. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963, bahari yenyewe iliganda sehemu za pembeni Uingereza, na ndege wa pwani walikufa kwa wingi. Nadhani mzee yule aliwahi kuona ndege waliokufa kwa baridi. Anayewaona mara moja hasahau.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi, na unaweza kumfundisha mtoto wa miaka saba. Ndege waliolala wakiinua vichwa wote pamoja, umekaribia mno, simama. Wakianza kutembea, rudi hatua kumi. Asingoje waruke. Mwambie yeye ndiye mlinzi wa mstari huo, mpe kazi ya kutazama vichwa na kuwatangazia wakubwa. Nimewaona watoto wakiwakemea baba zao kwa kazi hiyo.

Swali la mwanao kuhusu walioshindwa kufika Afrika linanigusa, kwa sababu hata watu wazima wengi wanaamini hivyo: kwamba ndege wenye nguvu walikwenda kwetu kwenye jua, na hawa ni wanyonge waliobaki. Mwambie sivyo kabisa. Knot wa Wash wamezaliwa Greenland na kaskazini ya mbali ya Kanada. Wamevuka Atlantiki kuja hapo. Kwao, Norfolk ya Januari ndiyo kusini yenyewe. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka upande wa Amerika hufanya Uingereza isiwe na baridi inayolingana na latitudo yake, chumvi na kupwa na kujaa huzuia tope lisigande siku nyingi, na kome wamejaa. Anayepata riziki hapo kwa nini avuke Sahara?

Wako knot wengine, wanaozaliwa Siberia, ambao hupita pwani ya Uholanzi na Ujerumani, wakajaza mafuta, wakaenda moja kwa moja hadi Banc d'Arguin huko Mauritania. Sura ni moja, safari ni mbili. Kila ukoo una njia yake, na njia ile hurithiwa. Wanaokuja Mida na Sabaki ni ukoo mwingine tena: wako chamchanga wenye mdomo uliopinda kidogo kutoka tundra ya Siberia, wako wale wa Terek wenye mdomo uliopinda kwenda juu, wanaokimbia huku na huku kama waliodondosha ufunguo. Na wako wanaotoka kaskazini-mashariki, si tundra: ndege mla kaa, mweupe kwa mweusi, mdomo mnene kama koleo, ambaye huchimba kiota mchangani kwenye pwani za Oman, Emirati na Irani, kisha hupitisha miezi mingine kwenye tope letu la mikoko. Safari ya Oman hadi Mombasa wameijua kabla ya jahazi la kwanza.

Na mbayuwayu? Hao ndio wanaofundisha watu kosa hili. Mbayuwayu wa Uingereza kweli huondoka karibu wote, wakafika hadi Afrika Kusini, kwa kuwa wao hula wadudu wanaoruka, na Januari ya Norfolk haina wadudu hewani. Anayehama ni yule ambaye chakula chake kimetoweka. Bata bukini wa miguu ya waridi, ambao Waingereza huwaita pink-footed goose, nao wamekuja Norfolk kutoka Iceland na Greenland. Wanalala nje kwenye tope la Wash, alfajiri wanaruka kwa maelfu kwenda mashambani kula mabaki ya viazisukari vilivyovunwa. Kelele yao ukiisikia gizani kabla hujawaona, kama soko linalopita angani, hutatamani tena kurudi kitandani. Lakini usichague usiku wa mbalamwezi kali. Kukiwa na mwanga wa kutosha hula usiku, na alfajiri hukosa ule mkururo.

Miguu sasa. Hili ni jambo la ajabu na ni la kweli, mweleze mtoto ukiwa na uzi mwekundu na uzi wa buluu mkononi. Katika mguu wa ndege, mishipa inayoshusha damu ya moto kutoka mwilini imelala ubavuni kwa mishipa inayopandisha damu ya baridi kutoka kidoleni. Zimegusana. Joto la damu inayoshuka huhamia kwenye damu inayopanda, kwa hiyo damu inayofika kidoleni tayari ni baridi, haina joto kubwa la kupoteza, na damu inayorudi moyoni tayari imepashwa. Mguu wenyewe hubaki na joto linalozidi la barafu kidogo tu, la kutosha usigande. Misuli inayoukunja mguu haiko chini kule. Iko juu, ndani ya manyoya, nayo huvuta kano ndefu kama mtu avutavyo kamba za pazia. Chini ni mifupa, kano na magamba, vitu visivyohitaji damu nyingi. Na kusimama kwa mguu mmoja ni kufunga mojawapo ya madirisha mawili: ule wa pili umefichwa tumboni kwenye manyoya mororo. Kilema hana. Ukingoja dakika kumi utamwona anabadilisha.

Tuje kwa mama mkwe. Mlete. Ila msirudie mpango wa Jumapili ile, maana mliifuata saa ya ukutani badala ya kufuata maji, na mume wako mtu wa Tanga atanielewa. Pakua jedwali la maji la Hunstanton. Katika Wash, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bamvua hujaa asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, na jua la Februari linakukuta hapo hapo. Bamvua ikifunika tope lote, ndege wa upande wa mashariki hawana budi kuja ardhini, na wengi huja kwenye mabwawa ya Snettisham. Maelfu kwa maelfu huinuka kama moshi, hugeuka upande mmoja wakawa weusi, upande wa pili wakawa fedha. Siku za maji mafu usihangaike kwenda. Tope halifuniki na ndege hawaji.

Nikiwa mkweli lakini, Snettisham si ya mama mkwe. Ni mwendo mrefu kwa miguu toka mnapoegesha gari, mapema sana, na upepo hauna pa kuzuiwa. Mume aende na mtoto mkubwa alfajiri moja. Mama mkwe mpelekeni Titchwell, ambako njia ni tambarare, kuna vibanda vya kutazamia ndege vyenye madirisha na benchi, kuna vyoo na chai ya moto. Kinamasi kile kilikuwa shamba. Bahari ilivunja ukuta usiku wa 31 Januari 1953, gharika iliyoua watu 307 Uingereza, na ardhi ikarudi kuwa kinamasi. Au Cley, hifadhi iliyonunuliwa mwaka 1926, ambapo jengo la wageni limekaa mlimani kidogo na lina madirisha makubwa yanayotazama matete yote. Akichoka atakaa ndani na kikombe chake, na huku kozi wa vinamasi, mabawa yameinuliwa kama herufi V, anapita chini chini juu ya matete mbele yake. Mwaka 1971 Uingereza nzima ilibaki na jozi moja tu ya kozi hao waliotaga. Leo utawaona bila kutafuta. Mimi ningechagua Cley.

Baridi haimdhuru mtu aliyevaa vizuri kama inavyomdhuru aliyevaa vizito. Koti moja nene juu ya fulana ya pamba ni kosa tulilolifanya wengi wetu tulipofika. Pamba hushika jasho na unyevu, kisha inakugandia. Avae nguo nyembamba tatu nne, ya ndani ya sufu, ya nje ya kuzuia upepo, kofia inayofunika masikio, soksi za sufu na viatu visivyobana, maana kiatu kinachobana hukata damu. Kutazama ndege ni kusimama, na anayesimama hupoa upesi kuliko anayetembea. Msikae nje zaidi ya nusu saa bila kuingia kibandani. Darubini moja ya 8x42 inawatosha nyote. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na msije mkashawishika kununua ya kukuza mara 20, mkono utatetemeka hamtaona kitu.

Yako mambo ambayo jibu langu halitoshi. Kama mama ana pumu, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, muulizeni daktari au mfamasia wake kabla ya siku yenyewe, kwani hewa baridi hubana kifua na mishipa. Mkiwa nje, vidole vilivyobaki vyeupe na bila hisia hata baada ya kuvipasha taratibu vinahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Mtu mzima aliyekuwa akitetemeka akaacha kutetemeka huku maneno yakimchanganyika, hilo ni la dharura: mwingizeni ndani, mvueni vilivyolowa, mfunikeni, pigeni 999.

Na bahari. Hapa nasema kwa uzito. Kule kwetu maji hujaa mbele yako ukiyaona. Katika vinamasi vya Norfolk hujaa kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kimya kimya, wewe ukitazama ndege mbele. Msikanyage tope la wazi wala msivuke kijito bila mtu wa hapo anayejua njia na saa. Hifadhi nyingi huwa na matembezi ya kuongozwa; kwa mara ya kwanza hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Mkizingirwa, pigeni 999 muombe Coastguard, yaani waokoaji wa pwani, msijaribu kuogelea. Mkimkuta ndege mgonjwa au amekufa msimguse, hata kwa huruma, kwa sababu ya homa ya ndege. Serikali ina ukurasa wa kuripoti, na wahudumu wa hifadhi wataipokea taarifa yenu pia.

Jambo moja la mwisho kwa ajili ya mama. Titchwell njia inaishia baharini. Pale mawimbi yanapokufa mchangani mtamwona chamchanga mdogo, mweupe kama chumvi, anakimbia mbele ya wimbi kama mwanasesere wa ufunguo, wimbi likirudi naye analifuata mbio akidokoa. Waingereza humwita sanderling. Hana kidole cha nyuma, ndiyo siri ya mbio zile. Huyu anafika kwetu pia. Ufukwe wa Malindi wamo, hadi kusini ya bara. Mwonyeshe mama mkwe umuulize kama kwao wanamjua, na kwa jina gani. Majina ya ndege hawa kwa lugha za pwani yetu nimekuwa nikiyakusanya na mengi bado sinayo, kwa hiyo akikupa jina, tafadhali niandikie.